Huduma ya paili kwa ghala la bondeni Namanve: uchimbaji mzuri, hesabu ya haraka

Kabla ya kujenga ghala letu la mahindi na sukari huko Namanve, mashariki mwa Kampala, uchunguzi wa udongo ulionyesha tabaka nene la udongo laini wa mfinyanzi uliojaa maji, hivyo msingi wa kawaida haukufaa. Kazi ya paili, yaani nguzo ndefu za zege zinazomiminwa ndani ya mashimo ardhini ili kubeba jengo, tuliikabidhi kampuni moja ya jijini, na sasa ghala limejaa naweza kuitathmini.

Katika uchimbaji na umiminaji sina lawama. Kila shimo lilikingwa kwa bomba la chuma ili kuta zisiporomoke, na zege lilishushwa kwa mrija hadi chini kabisa, likapanda na kuyasukuma juu maji machafu badala ya kuchanganyika nayo. Msimamizi alilirudisha gari la zege lililokwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja hadi zege likaanza kushika, na hakungoja mtu amwambie.

Walipopungukiwa ni kwenye hesabu ya muda. Ripoti yao ya kwanza iliegemea jaribio la kuipakia paili moja mara moja na nusu ya mzigo wake wa kazi (ule inaokusudiwa kubeba), kwa saa kadhaa tu. Jaribio hilo ni la lazima, lakini ghala si daraja ambalo magari hupita yakaondoka. Magunia hukaa miezi, na udongo wa mfinyanzi ulioelemewa hutoa maji yake polepole na kuendelea kutitia kwa miaka, kanuni ambayo Karl Terzaghi, mwasisi wa sayansi ya mekanika ya udongo, aliieleza tangu mwaka 1925. Isitoshe, kiwanja kilikuwa kimeinuliwa kwa muramu. Uzito wa muramu huushusha udongo laini, nao udongo ukishuka kuliko paili huzikamata ubavuni na kuzivuta chini. Kampuni ililihesabu tabaka hilo la udongo laini miongoni mwa vinavyobeba jengo, ilhali kadiri miaka inavyokwenda lenyewe ni mzigo.

Mhandisi wetu alipohoji, walirekebisha michoro bila ubishi na kurefusha paili hadi zikaingia kwenye tabaka gumu. Gharama ya mita zilizoongezeka, hata hivyo, tulibebeshwa sisi peke yetu, na hilo bado naliona si haki. Sakafu nayo walitaka kuilaza juu ya muramu mtupu, kana kwamba magunia yangening'inia kwenye kuta; tulidai ibebwe na paili, wakakubali.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Walifunga alama za kupimia utitiaji kwenye nguzo za ghala, wakaja kupima mara ya kwanza, na tangu hapo hawaji mpaka wapigiwe simu. Mwenye kujenga nyumba ndogo anaweza kuwaita bila wasiwasi. Mwenye ghala au tangi la maji aandike kwenye mkataba, kabla ya kulipa malipo ya awali, nani atapima, kila baada ya muda gani, na nani atagharamia marekebisho utitiaji ukizidi kiwango walichokubaliana.