Uzoefu wangu na Memtest86+, programu ya kupima ramu: seva ya duka iliyokuwa na magonjwa mawili

Nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya. Mauzo, madeni ya wakulima na hesabu ya mifuko ya mbolea vyote vinakaa kwenye seva moja, kompyuta ya mtumba niliyoinunua ikiwa tayari imepigwa Windows Server 2019, yaani Windows ya seva. Miezi ya mwanzo ilitulia. Novemba, wakati watu wamejaa dukani wakitafuta mbolea ya kupandia, ikaanza kuzimika yenyewe.

Fundi wa kwanza akasema pawa saplai. Nikanunua mpya, ikazimika. Wa pili akalaumu umeme wa huku kwetu, nikanunua stabilaiza, ikazimika. Nikaanza kuandika saa kwenye daftari: 3:10, 4:12, 5:15. Mpwa wangu anayesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, alipoliona daftari lile akaniambia, "Mjomba, kifaa kibovu hakina ratiba. Hii inazimwa."

Akafungua kumbukumbu za matukio, orodha ambamo Windows huandika kila kinachotokea, tukakuta jina wlms.exe. Ni programu inayosimamia leseni. Kumbe aliyeniuzia aliweka toleo la majaribio la siku 180, na muda huo ukiisha Windows Server hujizima kila baada ya saa moja. Imetengenezwa hivyo. Mafundi wawili walikula hela yangu bila hata mmoja kusoma kumbukumbu hizo, na hilo bado linaniuma.

Leseni halali ya seva sikuimudu, tukaamua kuiondoa Windows na kuweka Debian 12, mfumo endeshi wa bure wa Linux. Tulinakili data kwenye diski ya nje, tukaichomoa, tukawasha mashine kwa flashi, tukahakikisha jina la diski kwa amri ya lsblk inayoorodhesha diski, kisha tukaifuta kwa wipefs -a. Dakika chache tu. Hiyo diski ya nje ichomoeni kweli, jamani. Amri ya wipefs haikuulizi kama una uhakika, na majina ya diski kwenye Linux, kama sda na sdb, yanatofautiana herufi moja.

Siku mbili seva ikatulia. Ya tatu ikaganda. Tukaiwasha, ikaganda tena, safari hii bila mpangilio wowote wa saa. Mpwa akachukua faili moja kubwa, akalipima mara mbili mfululizo kwa sha256sum, amri inayosoma faili lote na kutoa namba ndefu isiyobadilika kama faili halijabadilika. Faili lile lile, halijaguswa, likatoa majibu mawili tofauti. Hapo nilikaa kwenye kiti. Mashine isiyoweza kusoma kitu kimoja mara mbili ndiyo iliyokuwa imenakili madeni ya wateja wangu.

Ndipo tukaweka Memtest86+ kwenye flashi. Ni ya bure, na haihitaji mfumo endeshi wowote: inawaka yenyewe na kupima ramu tu, yaani vibao ambavyo kompyuta hushikilia data inapofanya kazi. Angalieni alama ya kujumlisha mwishoni, maana kuna MemTest86 nyingine isiyo na alama hiyo, ya watu wengine. Chukueni toleo la 6 la mwaka 2022 au la baadaye, kwa sababu yale ya zamani hayawaki kwenye mashine zinazowaka kwa UEFI pekee, yaani mfumo mpya wa kuwashia kompyuta uliochukua nafasi ya BIOS.

Tuliiacha usiku. Asubuhi kioo kilikuwa na mistari myekundu ya makosa. Hapa ndipo nina lalamiko: inakupa anwani ya kosa ndani ya ramu yote kwa ujumla, haikuambii ni ramu ipi kati ya mbili. Tukachomoa moja, tukapima, safi. Tukaweka ile nyingine peke yake, ikaleta wekundu. Tulisugua miguu yake kwa raba, ikaleta tena. Tukaihamishia tundu la pili, makosa yakaifuata. Hilo ndilo lililotuhakikishia kwamba ubao mama ni mzima. Ramu nyingine ya GB 8 niliipata mjini kwa shilingi 40,000, nayo tuliipima usiku mzima kabla ya kuiamini.

Diski haipimwi na Memtest86+. Kwa hiyo tulitumia smartctl, amri inayosoma hali ya afya ya diski, tukiangalia Reallocated_Sector_Ct (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (sehemu zinazotiliwa shaka). Zote zilikuwa sifuri, nikashukuru.

Kosa langu lilikuwa mpangilio. Ningepima ramu kwanza, nakala ya data ingetoka kwenye mashine isiyo na hitilafu, na Windows ingefutwa baadaye. Kwa kuwa nilianza na kufuta, nililazimika kukaa na vitabu vya risiti jioni nne, nikilinganisha deni moja moja. Faili la Machi lilikuwa limeharibika. Nililiandika upya kutoka kwenye nakala za karatasi, na wateja wawili niliwapigia simu kuthibitisha. Mmoja alikuwa anakumbuka deni lake hadi shilingi ya mwisho.

Ramu mbovu nimeichora X nyekundu kwa maka peni. Iko kwenye droo ya kaunta, asije mtu akaichukua akidhani ni nzima.