Bendera ya Buluu ya Akiba ya Wanamaji wa Uingereza: tathmini ya nakala ya kushonwa

Bendera niliyoinunua kwa mtengenezaji mmoja wa Uingereza ni ya poliesta iliyofumwa, na vipande vyake vimeshonwa, havikuchapwa. Uwiano wake wa 1:2 ni sahihi, na katika pembe ya juu pana bendera ya taifa, ambayo ndipo watengenezaji wa bei rahisi hukosea: pindo pana jeupe la msalaba wa mshazari lazima liwe juu kwenye upande wa mlingoti, la sivyo bendera imepinduliwa. Hapa limewekwa ipasavyo, na mishono ni miwili katika ukingo wa mwisho, unaochanwa na upepo kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Hata hivyo, maelezo ya muuzaji hayatoshi. Hayasemi kwamba tangu 1864, ambapo bendera nyekundu iliachiwa meli za biashara na nyeupe jeshi la wanamaji, hii ya buluu isiyo na nembo hupeperushwa kwenye meli ya biashara kwa hati maalumu tu, nahodha akiwa ofisa wa akiba ya jeshi la wanamaji na baadhi ya mabaharia wake wakiwa wa akiba pia. Edward Smith, nahodha wa meli ya Titanic, alikuwa na haki hiyo. Mnunuzi mwenye mashua anastahili kuelezwa hayo kabla ya kulipa.

Rangi ni nzito na ya kupendeza; kamba yake, kwa maoni yangu, ni nyembamba mno kwa mlingoti wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo.