TAHADHARI: "Mtafiti" wa Winchester za zamani anakusanya namba na picha za bunduki zenu, kisha anauza bunduki asizokuwa nazo

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaopenda bunduki za zamani, hasa hizi za leva, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu picha nyingine hata moja. Kijana wetu amelizwa dola 2,800, na bunduki aliyoonyeshwa ni yangu mimi, ambayo haijawahi kuuzwa na iko ndani ya kabati langu mpaka leo.

Nianze na bunduki yenyewe. Ni Winchester modeli 1894 ya risasi za .38-55, iliyotoka kiwandani New Haven, Connecticut, mwaka 1897. Kwa asiyezijua, leva ni ule mkono wa chuma ulioungana na kikingio cha triga: ukiushusha ganda linaruka, ukiupandisha risasi nyingine inaingia. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa za kawaida, lakini enzi hizo mteja aliyekubali kuongeza pesa aliagiza atakavyo, na hayo maagizo ndiyo yanayotukosesha usingizi sisi wakusanyaji. Yangu mtutu wake ni wa pembe nane upande wa nyuma na duara kuelekea mdomoni. Magazini yake, yaani bomba la risasi chini ya mtutu, ni fupi, inakomea kwenye ubao wa mbele. Triga ukiisukuma mbele kidogo inajitega, halafu ukiigusa tu imeshafyatuka. Tena bunduki yenyewe hufunguka vipande viwili ikabebwa kwenye begi. Sifa moja moja utazikuta huku na huku. Zote nne pamoja, itakubidi utafute miaka.

Mwezi wa tatu mtu akaniandikia kwa adabu sana. Alisema anaorodhesha modeli 1894 zilizoagizwa kwa namna ya pekee, ili wakusanyaji wajue zimesalia ngapi. Kazi kama hiyo ipo kweli na ina maana, ndiyo sababu nilimwamini. Vitabu vya kiwanda vya modeli hii vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, vinaishia namba 353999, ilhali kiwanda kiliendelea mbele sana: ile ya milioni moja alikabidhiwa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927. Kwa bunduki zilizopita pale vitabu vilipoishia, njia iliyobaki ni sisi wenyewe kuulizana na kuhesabu.

Maswali yake yalikuwa ya mtu anayeijua kazi. Aliuliza kama skrubu zimewahi kuguswa na bisibisi, na kama namba iliyo chini ya bodi (kile kipande cha chuma cha katikati chenye mitambo) inalingana na ile ya kipande cha mtutu, maana za kufunguka huwa na namba pande zote mbili. Nikamjibu kila kitu. Nikampa namba kamili, picha kumi na nne, na nakala ya barua yangu kutoka Cody, ile inayotolewa na jumba la makumbusho kueleza bunduki ilivyoandikwa vitabuni. Mwisho akaomba picha moja zaidi: niweke karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu kando ya bunduki, ati aweze kurekebisha rangi ya chuma iliyopotoshwa na taa. Nikaiweka. Bunduki nilikuwa nimeilaza juu ya kanga ya marehemu mama, kwa kuwa mafuta ya bunduki yanachafua meza.

Mwezi wa tano kijana mmoja Mkenya anayeishi Minnesota akaniandikia: "Shikamoo mzee. Nimenunua hii kwa mkulima wa Montana, siku ya kumi na mbili leo haijafika. Hebu niangalizie, ni ya kweli?"

Nilipofungua picha nilidhani nimekosea, nimefungua za kwangu. Ile karatasi nyeupe ipo palepale, ila sasa ina jina la muuzaji na tarehe, kwa mwandiko unaoonekana kabisa kuwa wa kalamu. Kwenye kitako, karibu na bamba la chuma, kuna kovu lenye umbo la ndoana, ambalo nalijua kama ninavyokijua kiganja changu. Na pembeni, pale alipokata picha kwa haraka, yamebaki maneno ya kanga: MGENI NJOO MWENYE. Nilikaa chini. Kijana alikuwa ameyaona maandishi hayo na kuyasoma, lakini kwa furaha ya kupata bunduki hakujiuliza yamefikaje Montana.

Simlaumu hata kidogo, maana alifanya yale tunayoambiana kila siku. Aliomba picha yenye jina na tarehe, akapewa. Aliomba barua ya Cody, akapewa, tena mpya, yenye tarehe ya juzijuzi. Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Barua ile hutolewa kwa yeyote mwenye namba na ada. Inaeleza bunduki yenye namba hiyo ilivyokuwa siku ilipoingia ghalani na siku ilipotoka: mtutu gani, triga gani, magazini gani. Haisemi nani anayo leo, wala haisemi kwamba aliyekutumia barua amewahi hata kuishika. Tapeli alichukua namba niliyompa mimi, akalipa ada, akapata karatasi halali kuhusu bunduki ya mtu mwingine.

Na kuna sababu ya yeye kupenda zilizotengenezwa 1898 au kabla. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 hizo ni za kale na hazihesabiwi pamoja na silaha za kawaida, ingawa majimbo mengine yana masharti yao. Ukinunua ya miaka ya baadaye kwa mtu wa jimbo lingine, lazima ipitie kwa muuza silaha mwenye leseni. Mwenye leseni ni mtu wa tatu, ana duka, ana simu, unaweza kumuuliza kama mzigo upo. Ya 1897 inaweza kutoka moja kwa moja kwa muuzaji hadi mlangoni kwako. Tapeli anaitaka hiyo kwa sababu katikati hapana mtu.

Alipogundua kijana ni wa Kenya, akamwongezea hadithi: bunduki hii iliwahi kwenda Afrika Mashariki katika safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Hadithi hiyo ilimnasa, na ingeninasa hata mimi niliyezaliwa Voi, kando ya reli aliyopita Roosevelt baada ya kushuka Mombasa Aprili 1909. Lakini Winchester alizokuja nazo Roosevelt, zile zinazosifiwa kwa simba, ni modeli 1895 za risasi za .405. Hiyo ni bunduki nyingine kabisa, yenye sanduku la risasi chini ya bodi badala ya bomba chini ya mtutu. Ukimwona mtu anaitaja safari ile huku ameshika 1894, muulize maswali mpaka achoke.

Baada ya hapo ikawa ni haraka tu: kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho, tuma kwa benki leo, nami nitapakia jioni. Pesa ilipofika, simu ikazimwa.

Sasa mtu akikuuzia kwa mbali, usiridhike na picha. Mpigie simu ya video, na uombe jambo alilokuwa hawezi kulitayarisha: aishushe leva mbele yako, aweke kijiko cha chai juu ya bodi, aigeuze uone namba ya chini, kisha aifungue vipande viwili. Mwenye bunduki atafanya hayo kwa dakika mbili, na wengi watafurahi kuionyesha. Tapeli wetu aliambiwa apige video mara moja tu, akasema kamera ya simu yake imevunjika. Malipo nayo yapitie njia ambayo unaweza kuyazuia au kuyadai.

Kwa sisi wenye bunduki: anayefanya orodha ya kweli hahitaji namba yako nzima. Mpe za mwanzo, mbili za mwisho ziandike X, inamtosha kujua imeangukia wapi. Barua ya Cody usiitume bila kufunika namba. Na karatasi tupu usiiweke kwenye picha kamwe. Iandike jina lako na neno HAIUZWI kwa wino mzito, na iguse bunduki yenyewe.

Kijana alipiga simu benki siku hiyohiyo, akafungua malalamiko kwenye kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, IC3. Mimi nimepeleka barua pepe zote za huyo "mtafiti", pamoja na picha zangu za asili zinazoonyesha karatasi ikiwa tupu. Benki haijamrudishia kitu hadi leo. Nimemwomba radhi, akaniambia, "Mzee, hukujua." Lakini namba niliitoa mimi.

Wiki hii rafiki yangu wa Ohio amepata ujumbe wenye maneno yaleyale, ila sasa anaulizia bunduki za kampuni nyingine, Marlin modeli 1893 zenye mtutu wa pembe nane. Jina amebadilisha, ombi la karatasi nyeupe ni lilelile. Likikufikia, usimjibu wala usilifute. Piga picha ya ujumbe pamoja na anwani yake, unitumie, niuongeze kwenye faili la IC3.