Plickers kwenye darasa la watoto 58, Newala: simu moja imetosha

Nafundisha Baiolojia Kidato cha Pili katika shule ya kata hapa Newala, mkoani Mtwara. Darasa lina watoto 58 na simu moja, ya kwangu, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Kahoot!, ule mchezo wa maswali ambao wanafunzi wanajibu kwenye simu au kompyuta, niliionja kwenye semina ya walimu nikaipenda sana, lakini inataka kila mtoto, au walau kila kikundi, kiwe na kifaa chake. Nikirudi darasani kwangu ningeichezesha na nani?

Plickers, programu ya kukusanya majibu ya darasa zima kwa simu ya mwalimu, imepita njia nyingine. Kila mtoto anashika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa pande nne, na kila upande una herufi ndogo: A, B, C au D. Anaigeuza mpaka herufi ya jibu lake ikae juu, kisha anainyanyua. Mimi napitisha kamera ya simu taratibu kutoka safu ya dirishani hadi ya mlangoni, na majibu yanaingia yenyewe, jina kwa jina. Hakuna kadi mbili zenye mchoro mmoja, kwa hiyo kumchungulia jirani hakusaidii. Kadi unazichapisha mwenyewe kutoka tovuti yao bila malipo. Seti ya kawaida ni ya kadi 40, ila ipo ya 63, na hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzitia laminesheni inayong'aa ili zidumu. Darasa letu lina madirisha makubwa. Jua likipiga kwenye nailoni, kamera inaona mng'ao tu. Nikachapisha upya, nikabandika kwenye manila, nikaandika jina la mtoto nyuma ya kila kadi. Hizo zinasomeka mpaka dawati la mwisho.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike. Tulikuwa kwenye mada ya matunda. Nikauliza: tunda halisi la mkorosho ni lipi? A, bibo. B, korosho pamoja na ganda lake. C, mbegu nyeupe ya ndani. D, ua lililokauka. Hawa ni watoto waliokulia chini ya mikorosho, wanaookota korosho kabla hawajajua kusoma. Nilipomaliza kupitisha simu, sehemu kubwa ya darasa ilikuwa A.

Kabla ya kadi hizi ningeuliza "Mmeelewa?", wangeitikia "Ndiyoooo!", nami ningeendelea mbele. Safari hii nilisimama. Nikawauliza, mkorosho ukianza kuzaa mnaona nini kwanza? Kimya. Kisha mmoja akasema, "Korosho mbichi, Madam. Bibo linakuja nyuma." Nikachora ubaoni: ile korosho ndiyo iliyotokana na ovari ya ua, na bibo ni kikonyo kilichovimba baadaye. Tunda tunalolila kwa utamu wake ni tunda bandia. Nikarudia swali, kadi zikageuka, karibu zote B. Nilisikia raha ambayo sijaipata kwenye kusahihisha madaftari miaka yote hii.

Kuna binti anakaa safu ya nyuma ambaye tangu Kidato cha Kwanza hajawahi kunyoosha mkono. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, na anaogopa kuchekwa. Kwenye orodha ya simu yangu niligundua kwamba anapata karibu kila swali. Ningemjuaje bila kadi? Siku hizi namwita mezani, namuuliza kwa sauti ya chini, na ameanza kujibu kwa mdomo.

Haifai kwa kila kitu. Ni maswali ya kuchagua tu. Mtoto anayetakiwa kueleza mzunguko wa damu kwa sentensi zake bado namhitaji aandike. Bando ni langu mwenyewe. Na dakika za kugawa na kukusanya kadi 58 zinakula kipindi, hivyo natumia mara moja au mbili kwa wiki, maswali manne au matano, basi.

Mwalimu wa Hisabati ameniazima kadi tangu Jumatatu. Nimemwambia azirudishe Alhamisi, tunaanza mbegu na uotaji.