Shelfu za boksi hapa Mtwara: chungu sawa, mpingo hapana

Seti za shelfu tatu zinazouzwa kwenye maboksi katika maduka ya mapambo mjini zinapendeza, hilo halina ubishi. Ya juu sentimita 60, ya kati 45, ya chini 30, zote kina cha sentimita 20. Ubao wenyewe ni MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa karatasi ya rangi. Ukishazipachika huoni skrubu hata moja. Ubaya wake umo kwenye kale kamfuko ka nailoni kaliko chini ya boksi.

Humo mna skrubu za milimita 35 na plagi za plastiki za milimita 6. Ukuta wa tofali la saruji huwa na plasta ya milimita 12 hadi 15, na plasta haishiki kitu. Ukiitoa hiyo, kinachoingia ndani ya tofali ni sentimita mbili tu. Ndiyo maana shelfu hukaa sawa wiki mbili za kwanza, kisha ukingo wa mbele ukaanza kuinama. Kamfuko kaweke kando. Nunua plagi za milimita 8 na skrubu za milimita 60, toboa shimo la milimita 65, toa vumbi lote ndipo ugonge plagi mpaka izame sawa na uso wa ukuta. Tofali likiwa la mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha, drili ikipiga nyundo itapanua shimo. Iache izunguke tu. Weka pima maji kabla ya kutoboa tundu la pili, siyo baada. Na kwa nyumba za Shangani, karibu na bahari, tafuta skrubu zisizoshika kutu, la sivyo chumvi itakuchorea michirizi ya kahawia ukutani.

Nyumba kongwe za Mikindani ni habari nyingine. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Plagi hubomoa zaidi ya inavyoshika. Huko weka shelfu ya kusimama sakafuni. Kama nyumba ina zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ukutani, unanunua shelfu ya nini?

Sasa mzigo. Kinyago cha ujamaa, kile cha watu wengi walioshikamana, cha mpingo chenye urefu wa sentimita 40 hufika kilo tatu au nne kirahisi, kwa sababu mpingo ni mzito kuliko maji. Viwili vya namna hiyo juu ya MDF ya sentimita 60 na ubao unaweza kupinda katikati, hata skrubu zikishika. Shelfu za boksi zipe vyungu vidogo, vikapu vya ukili, picha na makombe. Sehemu ya mpingo ni ubao wa mninga wa inchi moja kwa nane kutoka kwa seremala, wenye vyuma vya pembe kila baada ya sentimita 60. Ni ghali zaidi, lakini hauvimbi ukimwagikiwa maji. MDF ikishalowa ukingoni hairudi. Kagua tu kama mninga umekauka: ubao mbichi huwa mzito na wa baridi mkononi, na baada ya miezi michache hujikunja ukaachana na ukuta.

Kwenye upangaji watu wengi hujaza. Acha theluthi moja ya ubao wazi. Kirefu kikae nyuma, pembeni kidogo ya katikati, kifupi mbele yake, na cha tatu mbali navyo. Kati ya shelfu na shelfu acha nafasi inayozidi urefu wa kinyago; ukibana, kinyago kinaonekana kimefungiwa kabatini. Mpingo mweusi juu ya mninga, mbele ya ukuta wa rangi nzito, haupo kabisa: tundika kipande cha mkeka mweupe nyuma yake uone nakshi zinavyojitokeza. Usiuweke mkabala na dirisha lenye jua wala chini ya kiyoyozi, maana ukikauka ghafla hupasuka kuanzia kwenye ncha. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, na mara mojamoja paka nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya nazi hapana; huchacha na kunasa vumbi. Kitambaa chenye unyevu kikitoka na weusi, ulichouziwa huenda ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu.

Vinyago vya mapiko, yaani barakoa za ngoma za Wamakonde, kwa kuwa huchongwa kwa mti mwepesi, hata shelfu ya boksi inavimudu. Vigeuze kila mwezi. Ukikuta unga laini umedondoka chini yake, bungua ameshaingia: kitoe kinyago siku hiyohiyo na ukitenge, kabla hajahamia kwenye ubao.