Chokaa ya tanuu kwenye ghala la karafuu: uzoefu wangu

Kama una nyumba ya mawe ya zamani shambani na fundi amekwambia "tupige saruji tu tumalize", soma hii kwanza. Nimekarabati ghala la mawe la familia yetu Unguja, kwenye ukanda wa karafuu, kwa chokaa ya kuchoma na fundi mzee aliyejifunzia kazi Mji Mkongwe. Chokaa na fundi wake nawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitasema imepotelea wapi.

Ghala lenyewe si kasri. Lina vyumba viwili chini vya kuwekea karafuu, kimoja juu, na uwanja wa sakafu mbele wa kuanikia. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, zimejengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake unazidi mkono mmoja. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: boriti ikizidi mita tatu hivi huanza kubonyea, basi wazee walikata chumba kwa kipimo cha mti. Ukishalijua hilo hutavicheka tena vyumba vyao.

Kabla ghala halijafika mikononi mwangu, mkandarasi mmoja alilipiga lipu ya saruji ndani na nje. Lilipendeza kwa misimu michache. Kisha lipu ikavimba kwa chini, ikaanza kubambuka mapande makubwa kama sinia. Ami yangu akataka libomolewe, tujenge kwa matofali. Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kisultani la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020, hoja ya kubomoa majengo ya mawe haihitaji mtetezi. Kila mtu anakuwa mhandisi.

Fundi alipokuja hakutoa pimamaji wala hakutaja bei. Alichukua patasi, akang'oa pande moja la saruji karibu na mlango, akakwangua unga mweupe uliokuwa nyuma yake na kuutia ulimini. "Onja, mwanangu." Chumvi tupu. Jiwe lililokuwa chini ya ule unga lilikuwa limelainika, unalichimba kwa ukucha.

Akanieleza, na nimeona kwa macho yangu kuwa ni kweli. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Saruji ni ngumu na inaziba. Maji yanakwama nyuma yake, yanapokauka chumvi inaganda ndani ya jiwe, inatanuka na kulisaga. Unyevu ule ule ndio uliooza ncha za boriti zetu pale zilipoingia ukutani, na mchwa wakamalizia. Kwa hiyo lile "jengo bovu" lilikuwa limebovushwa na dawa yake.

Sasa chokaa. Huchomwa kwa tanuu: magogo yanapangwa, mawe ya matumbawe yanamwagwa juu, moto unawashwa mpaka joto linapita nyuzi 900 na jiwe kutoa hewa yake. Kinachobaki ukikitia maji kinachemka na kuvimba chenyewe, usisogeze uso. Hapo ndipo mafundi wenye haraka hukosea. Chokaa ikizimwa, yaani ikitiwa maji, juu juu inabaki na punje mbichi, na punje hizo huja kufumka ndani ya lipu baadaye, ukuta ukatoka vipele. Mzee wetu aliizima ndani ya shimo, akaichuja kwa wavu, akaiacha ilale chini ya maji kwa wiki nyingi. Nilipolalamika kuwa kazi haiendi, akachota kwa mwiko na kuugeuza juu chini. Chokaa ikang'ang'ania. "Ikianguka, bado. Hii sasa tunaweza kuzungumza nayo."

Mchanga aliukataa wa pwani, kwa sababu ya chumvi. Akataka wa shimo, uoshwe. Lipu ilipigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiriwa, huku magunia mabichi yakitundikwa kuikinga na jua. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa, na ikikaushwa kwa pupa inageuka vumbi. Vibarua walichoka kumwagia maji kuliko walivyochoka kubeba mawe.

Matokeo? Chumba cha chini kilichokuwa kinanuka ukungu sasa ni kikavu, na mchana wa jua kali ukiingia unahisi umehamia mji mwingine. Kuta hazijanyooka kama za matofali. Mwanga wa dirishani unapita juu yake kwa mawimbi, nami napenda hivyo. Anayetaka kuona chokaa inaweza kufanya nini mikononi mwa bingwa aende hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea ya kisultani humo humo mashambani, iliyojengwa 1850 enzi za Sultani Sayyid Said, atazame nakshi za Kiajemi kwenye lipu. Zile hazina rangi hata tone.

Nyota iliyopotea ni hii. Ujira wa fundi ulizidi bei ya vifaa, na hakuna risiti wala mkataba. Ni neno lake, na ikifika Ramadhani kazi inasimama. Boriti ni shida kubwa zaidi. Mikoko haikatwi bila kibali, na ni sawa isikatwe ovyo, lakini kibali kilituchelewesha na boriti nzuri zilizopatikana zilikuwa chache. Tulibadilisha zilizooza tu, nzima tukaziacha. Na tanuu linakula kuni nyingi mno. Kwa nyumba mpya nisingeshauri mtu achome chokaa. Kwa jengo ambalo tayari limejengwa nayo, sijaona mbadala wa kuaminika.

Uwanja wa kuanikia bado. Mzee anataka utwangwe kama zamani, watu wamepanga mstari na vigongo wakiipiga chokaa kwa mwimbo mpaka ishikane. Ami, yule yule wa matofali, ameshaanza kuulizia nani mtaani anazikumbuka nyimbo.

Ukiamua kufanya, agiza chokaa kabla hujamwita kibarua hata mmoja, ilale shimoni wakati unashughulikia kibali cha boriti. Lipu ya nje ianze masika yakishapita. Na fundi yeyote atakayekuambia atachanganya "saruji kidogo tu ili ishike upesi", mpe nauli arudi kwao.