Shindano la Hadithi au Kijitabu cha Darasa?

Mwalimu wa shule ya msingi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayetaka wanafunzi wake waandike hadithi anaweza kuandaa shindano lenye zawadi, au kukusanya hadithi zote katika kijitabu kimoja cha darasa. Shindano huamsha ari upesi: hata mtoto asiyewahi kuandika zaidi ya imla hushika kalamu, na tarehe ya mwisho humlazimu amalize alichokianza. Kasoro yake huonekana wakati wa kusahihisha. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, mwalimu aliyechoka huishia kutuza mwandiko na tahajia, na hivyo mtoto wa mtaa wa Kadutu aliyesimulia kwa ufundi jinsi nyanya yake anavyoanika sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) na kuwafukuza paka kwa kanga hushindwa na mwenzake aliyenakili kisa cha Sungura na Fisi bila kosa hata moja. Iwapo Kifaransa peke yake ndicho kinachoruhusiwa, pengo hilo huzidi kupanuka.

Kijitabu huenda polepole, na fotokopi zina gharama, ingawa daftari moja lililoandikwa kwa mkono na kuzungushwa darasani linatosha. Faida yake ni kwamba kila mtoto hupata wasomaji, tena wasomaji wasio na huruma, ambao huuliza mara moja kwa nini fisi alikufa ukurasa wa kwanza akafufuka wa tatu.

Binafsi ningeanza na kijitabu, kisha shindano mwishoni mwa mwaka, hadithi zikisomwa kwa sauti kabla makosa hayajahesabiwa. Zawadi iwe madaftari. Pesa huwashawishi wazazi kuandika wenyewe.